Ua Ulioachwa Nje ya Mchoro: Uhakiki wa Michoro ya Mandhari katika Ujenzi wa Nyumba za Mijini

Utangulizi

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii ya wahenga yatufundisha tusidanganywe na sura ya nje. Lakini mtu wa mjini wa leo ana haja ya funzo la pili: akishaingia ndani na kuridhika, na atoke tena nje autazame ua. Ndani ya vyumba mtu huishi na jamaa zake tu. Nje ndiko anakoishi na jamii.

Aghalabu tunapozungumzia utamaduni wa taifa hutaja ngoma, mashairi, vinyago, mavazi na lugha. Ni nadra kuitaja ardhi iliyo baina ya nyumba na nyumba. Walakini ngoma haichezwi hewani; huchezwa uwanjani. Mkeka wa matanga hutandikwa uani. Bao huchezwa chini ya mwembe, na ngano husimuliwa barazani. Utamaduni wowote unahitaji mahali pa kukanyaga, na mahali hapo pakiondolewa, utamaduni wenyewe hubaki kuwa habari ya kusomwa vitabuni.

Taasisi yoyote, iwe ya umma au ya watu binafsi, inapokusudia kujenga nyumba nyingi kwa pamoja mjini, hupeleka kwenye halmashauri furushi la michoro: ramani za nyumba, michoro ya misingi na nguzo, ya maji safi na maji machafu, ya umeme na ya barabara. Mwishoni mwa furushi hilo huwamo mchoro wa mandhari. Huo ndio unaoonyesha miti, nyasi, njia za waendao kwa miguu, mitaro, maegesho ya magari na mahali pa kuchezea watoto. Wataalamu wa halmashauri huipitia michoro hiyo, huandika kasoro walizoziona, na kuirudisha ili irekebishwe kabla ya kutolewa kibali cha ujenzi.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mchoro wa mandhari kama tunavyoihakiki kazi nyingine yoyote ya sanaa: kwa kuchunguza fani yake, maudhui yake, na hasa namna unavyosahihishwa. Hoja yetu kuu ni kwamba katika mapitio ya halmashauri mchoro huu hurekebishwa kwa hesabu wala haurekebishwi kwa maana. Na kwamba kwa sababu hiyo ua, ambao ni moyo wa maisha ya jamii yetu, huachwa nje ya mchoro na kwa hiyo huachwa nje ya mji.

Mchoro kama Maandishi

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza: mhakiki wa sanaa ana kazi gani na ramani ya miti na mitaro? Jibu ni kwamba mchoro ni maandishi. Una msamiati wake, yaani alama; una sarufi yake, yaani vipimo na kanuni; una mtunzi na una wasomaji. Tena una jambo moja ambalo riwaya au tamthilia haina. Msomaji wa riwaya mbaya hukifunga kitabu akaenda zake. Msomaji wa mchoro mbaya hukaa ndani yake miaka 40, na wanawe hukulia humo.

Kuna tofauti nyingine. Riwaya huwafikia wasomaji wengi kabla haijahakikiwa. Mchoro huhakikiwa kwanza, na watu wachache sana, katika ofisi. Kisha ndipo hugeuzwa kuwa saruji. Kwa hiyo kipindi cha mapitio ndicho kipindi pekee ambapo neno la mhakiki laweza kubadili kazi yenyewe. Baada ya hapo uhakiki hubaki kuwa malalamiko.

Urithi wa Michoro ya Zamani

Ili tuielewe hali ya leo yafaa tuutazame urithi tulioupokea. Tuchukue mfano wa Dar es Salaam, mji ambao Wajerumani waliufanya makao makuu ya utawala wao mwaka 1891 badala ya Bagamoyo. Wakoloni, Wajerumani na kisha Waingereza, waliugawa mji huo kwa kufuata rangi za watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati palipokuwa na maduka, na Uswahilini upande wa Kariakoo na Ilala. Baina ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanja mpana, Mnazi Mmoja. Waliouchora walidai kwamba ulikuwa kinga ya afya, ili maradhi yasivuke kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hakika uwanja huo ulichorwa uwe kizuizi baina ya binadamu na binadamu.

Hapa pana somo kubwa kwa mhakiki. Wananchi waliusoma mchoro ule kinyume na alivyokusudia mtunzi. Mahali palipotengwa ili watu wasikutane pakawa mahali pa kukutania. Leo Mnazi Mmoja panajulikana kwa mikutano, kwa swala za Idi na kwa mnara wa Mwenge wa Uhuru. Maana ya uwanja, basi, haitoki kwa mchoraji peke yake; huandikwa upya na miguu ya wanaoutumia. Lakini tusisahau sharti la ushindi huo: uwanja wenyewe ulikuwapo. Kama ungejengwa maduka, wananchi wasingekuwa na kitu cha kukisoma upya.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza iliandaa mpango mkuu wa Dar es Salaam. Katika mpango huo majina ya rangi yalififia, na badala yake yakatumika maneno ya kitaalamu: maeneo ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Maneno yalibadilika, ramani ikabaki ile ile. Oysterbay, palipokuwa pa wachache, paliwekwa katika ujazo mdogo pakapewa bustani na miti mirefu. Mitaa ya wengi ikawekwa katika ujazo mkubwa ikapewa vumbi. Hata leo, miongo mingi baada ya Uhuru, mtu akiwa angani juu ya jiji aweza kuitambua mipaka ya zamani kwa kutazama tu mahali penye kijani na mahali pasipo na kijani. Kivuli nacho ni mali, na mali hiyo iligawanywa bila usawa.

Mipango mikuu iliyofuata, ule wa 1968 na ule wa 1979, iliandaliwa na makampuni ya Canada. Wataalamu hao walifanya mengi yanayostahili sifa. Hata hivyo yafaa tujiulize: mtu aliyelelewa katika nchi ya theluji, ambako jua hutafutwa kama dawa, ataujuaje uzito wa kivuli kwa mtu anayekwenda sokoni saa saba mchana? Swali hili haliwahusu wageni peke yao. Lawahusu zaidi wataalamu wetu wenyewe waliozisoma kanuni zile shuleni wakaziamini kuliko walivyoamini ua wa bibi zao.

Fani: Alama Zisizosema Kweli

Tuutazame sasa mchoro wenyewe. Katika michoro mingi mti huonyeshwa kwa duara la kijani. Maduara yote hulingana, yamepangwa safu kama askari, na kila moja lina upana wa mita sita au nane. Ni sura ya kupendeza. Lakini duara hilo huonyesha mti uliokwisha kukua. Siku wenyeji wanapohamia, kilichopo ni mche wenye kimo cha mtoto, umefungwa kamba kwenye kijiti, na mbuzi anautazama. Mchoro unazungumza kwa wakati ujao lakini unasomwa kana kwamba ni wakati uliopo. Mhakiki makini atadai kuona michoro miwili: mahali hapo siku ya kwanza, na mahali hapo baada ya miaka kumi. Atadai pia kujua ni nani atakayeumwagilia mche ule katika kiangazi cha kwanza.

Kasoro ya pili ni kutojali jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini. Wakati huo ukuta hautoi kivuli chochote cha maana. Mti wenye matawi mapana ndio pekee utoao. Asubuhi na alasiri jua hupiga kuta za mashariki na za magharibi kwa ukali. Kwa hiyo mti uliopandwa upande wa magharibi wa nyumba hufanya kazi ambayo pazia na feni haziwezi kuifanya. Pamoja na hayo, ni michoro mingapi inayopanga miti kwa kufuata mwendo wa jua? Mingi huipanga kando ya lango, ili mgeni aione. Tena mti unaopendwa ni ule mrefu mwembamba kama mkuki, upendezao macho na usiomfunika hata kuku.

Kasoro ya tatu yahusu maji. Tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuihakikisha. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari moja iliyosakafiwa yote, ardhi isinywe hata tone, hupatikana zaidi ya lita 200,000 za maji, sawa na maboza 20 yenye lita 10,000 kila moja. Maji hayo yatakwenda wapi? Mchoro ulioandikwa vizuri hulijibu swali hilo kwa kontua, mitaro, udongo ulio wazi na mizizi. Mchoro mbaya huyasukuma maji nje ya ukuta na kuyaacha yawe taabu ya jirani aishiye bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 katika jiji la Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wengi wa waliopoteza makazi walikuwa wakazi wa mabondeni, ukiwemo ukanda wa Msimbazi. Ni kweli kwamba bonde lile lilihesabiwa kuwa ardhi ya hatari katika mipango ya jiji, na kwamba waliojenga humo walijenga palipokatazwa. Ni kweli vile vile kwamba kila uwanja unaosakafiwa huko juu huongeza maji yashukayo huko chini. Mchoro wa mandhari, kwa hiyo, ni suala la uhai wa watu.

Maudhui: Ni Nani Yumo, Nani Hayumo

Fani ikiwa na kasoro, maudhui nayo hayawezi kusalimika. Njia nyepesi ya kuyapima maudhui ya mchoro wa mandhari ni kuuliza ni watu gani wamefikiriwa ndani yake. Magari yamehesabiwa moja moja, kila gari na nafasi yake. Je, viti vya msiba vimehesabiwa?

Katika jamii yetu mtu akifariki, majirani hukusanyika siku kadhaa. Hufungwa maturubai, hupangwa viti, hutandikwa mikeka, huinjikwa masufuria makubwa juu ya mafiga. Haya hutendeka katika kila mtaa, kwa tajiri na kwa maskini, kwa Mwislamu na kwa Mkristo. Kadhalika harusi, maulidi, kipaimara, mikutano ya mtaa na ngoma za unyago. Uwanja wenye nyasi za pambo na kibao kisemacho "Usikanyage" hauna nafasi kwa lolote kati ya hayo. Matokeo yake turubai hufungwa barabarani, njia huzibwa, na kisha tunawalaumu wananchi kwamba hawana ustaarabu wa kuishi mjini. Kosa ni la mchoro uliodhani kwamba watu hawatakufa wala hawataoana.

Tukumbuke muundo wa nyumba yetu ya pwani, ambayo kutoka Kariakoo imeenea hata miji ya bara. Mbele ina baraza, katikati ukumbi wenye vyumba pande zote mbili, na nyuma ina ua. Baraza huwapokea wapita njia. Ua huwasitiri wenyeji. Kati ya wazi kabisa na siri kabisa pana daraja, na kila mtu hujua adabu ya kila daraja. Nyumba hizi zinapobadilishwa kuwa maghorofa, madaraja hayo hufutwa: mtu hutoka mlangoni mwake akajikuta mara moja kwenye ngazi, kisha maegeshoni, kisha barabarani.

Hatusemi haya ili tuutukuze ukale. Baraza la zamani aghalabu lilikuwa la wanaume, na ua ulikuwa mahali pa kazi zisizokwisha za wanawake: kutwanga, kufua, kupika kwa moshi. Mhakiki wa leo hawezi kudai ua urudi pamoja na dhuluma zake. Anachodai ni kwamba mama anayefua awe na kamba ya kuanikia palipo na jua, tena aweze kumwona mtoto wake anayecheza. Kwamba binti awe na mahali pa kukaa na wenziwe bila kusumbuliwa. Kwamba mzee asiyeweza tena kupanda ngazi mara nyingi kwa siku apate benchi lenye kivuli. Hayo ni maudhui mapya katika umbo la jadi, na ndiyo kazi halisi ya utamaduni wa taifa linalojijenga.

Kwamba jambo hili lawezekana hata katika maghorofa, Singapore ni ushahidi. Nchi hiyo, iliyoanzisha bodi yake ya nyumba mwaka 1960, ilianza katika miaka ya 1970 kuyajenga maghorofa yake mengi yakiwa na sehemu ya chini iliyoachwa wazi, bila vyumba. Humo Wamalay hufanyia harusi zao, Wachina hufanyia maziko yao, na wazee hukaa wakacheza na kuongea. Nchi ndogo yenye uhaba mkubwa wa ardhi iliamua kwamba ghorofa zima lisilopangishwa si hasara. Hatuna sababu ya kuiga umbo lile. Tunayo sababu ya kuiga uamuzi ule.

Hapa nyumbani swali hili si la nadharia. Mwaka 2022 maghorofa ya Magomeni Kota, Dar es Salaam, yalizinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi katika kota za zamani za mahali hapo. Kuwarudisha wakazi wale wale mahali pale pale lilikuwa tendo la haki, nalo lastahili kusifiwa. Lakini tazama hesabu inayozaliwa na mradi wowote wa ukubwa huo: kama kila kaya ingepewa ua wa mita za mraba 20 tu, kaya 644 zingehitaji mita za mraba 12,880, yaani zaidi ya ekari tatu. Nyua haziwezi kupandishwa ghorofani pamoja na vyumba. Ni lazima zikusanywe chini, ziwe ua wa pamoja, na ua wa pamoja hauwezi kutokea kwa bahati. Hapana budi uandikwe katika mchoro.

Marekebisho: Kapu la Mabaki

Tufike sasa kwenye kiini cha uhakiki wetu, nacho ni namna mchoro unavyosahihishwa wakati wa mapitio. Kila idara hutoa maoni kwa upande wake. Watu wa zimamoto hudai njia pana ya gari lao, na wana haki. Mhandisi hudai shimo kubwa zaidi la maji machafu, naye ana haki. Shirika la umeme hudai mahali pa transfoma. Afisa mipango miji hudai maegesho yaongezwe. Kila dai ni la haki, na kila dai lahitaji ardhi. Je, ardhi hiyo hukatwa wapi? Haikatwi katika vyumba, kwa kuwa vyumba ndivyo vitakavyouzwa au kupangishwa. Hukatwa katika uwanja. Mchoro wa mandhari hugeuka kuwa kapu la mabaki ambamo kila idara hutupa haja yake.

Baada ya marekebisho matatu ya namna hiyo, uwanja wa watoto umekuwa kipande cha pembe tatu kati ya transfoma na shimo la maji machafu. Jumla ya mita za mraba za "eneo la kijani" huenda ikabaki ile ile, kwa sababu vijisehemu vya kando ya kuta na katikati ya maegesho vimejumlishwa. Hesabu imetimia, maana imekufa. Ni sawa na mhariri anayekata sura ya kati ya riwaya, kisha akaongeza kurasa tupu mwishoni ili idadi ya kurasa isipungue.

Twaweza basi kuyagawa marekebisho katika aina tatu. Kuna marekebisho ya hesabu, ambayo huangalia idadi ya miti na asilimia ya nyasi. Kuna marekebisho ya kufuta, ambayo huondoa kitu ili kupunguza gharama au kupisha kingine. Na kuna marekebisho ya maana, ambayo huuliza kila kipande cha ardhi kitafanya kazi gani, kwa nani, saa ngapi, na katika majira gani. Aina mbili za kwanza tunazo tele. Ya tatu ni haba, ingawa ndiyo pekee inayostahili kuitwa uhakiki.

Sababu ya uhaba huo ni mbili. Kwanza ni mpangilio wa kazi: mchoro wa mandhari huletwa mwisho, wakati nyumba zimekwisha kupangwa, kwa hiyo hauna nguvu ya kusogeza chochote. Laiti ungeletwa kwanza, ukaonyesha maji yanakopita, miti mikubwa iliyopo tayari, na uwanja wa pamoja, nyumba zingepangwa kuuzunguka. Pili, msomaji mkuu hayupo mezani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inatambua haja ya kuwashirikisha wananchi katika kuandaa mipango ya maeneo yao, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito na fukwe. Sheria tunazo. Kinachopungua ni mazoea ya kuutandaza mchoro mbele ya mama, kijana na mzee, kwa lugha wanayoielewa, na kuwauliza: msiba wenu mtauweka wapi hapa?

Jambo hili lina matokeo ya muda mrefu. Mradi wa viwanja vyenye huduma ulioanza mwaka 1974 katika Sinza, Kijitonyama na Mikocheni uliwapa maelfu ya wananchi viwanja vilivyopimwa, na lilikuwa jambo jema. Lakini historia ya jiji zima tangu hapo yatuonyesha viwanja vingi vya wazi vikigeuzwa kuwa maduka, baa, gereji na nyumba za watu binafsi. Tamaa na rushwa vina sehemu yao. Hata hivyo kuna sababu ya ndani zaidi: kiwanja kisicho na kazi hakina mlinzi. Kipande cha ardhi kilichoandikwa "wazi" bila neno jingine hufahamika kwa mwenye tamaa kuwa ni kitupu. Kile ambacho jamii hukitumia kila siku kwa mpira, kwa msiba na kwa mkutano, huwa na macho mengi ya kukilinda.

Hoja za Upinzani

Haitakuwa haki kuacha kusikiliza upande wa pili. Wajenzi husema kwamba ardhi ya mjini ni ghali na kila mita isiyojengwa huongeza bei ya nyumba. Husema pia kwamba bustani hunyonya maji ambayo hata ya kunywa hayatoshi, na kwamba wananchi huharibu vitu vya pamoja.

Hoja hizi zina uzito, lakini nguvu yake hutokana na kasumba moja: kudhani kwamba mandhari ni nyasi. Zulia la ukoka lililokatwa kila wiki ni umbo lililotoka katika nchi za mvua nyororo za Ulaya. Kwetu uwanja bora tangu zamani ni udongo uliofagiwa, wenye mti mkubwa katikati. Uwanja wa namna hiyo hauombi maji, waweza kukaliwa, kuchezewa na kufungwa turubai. Una kasoro zake: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na mmomonyoko penye mteremko. Kasoro hizo zina dawa rahisi, kama changarawe kwenye njia, ukingo wa mawe, na mtaro uliopandwa majani. Mwembe, mkwaju, mkungu na mwarobaini ni miti iliyozoea ardhi ya pwani na hutoa kivuli kipana. Miwili ya kwanza hutoa pia tunda. Ama kuhusu uharibifu, watu hukiharibu upesi kitu ambacho hawakuulizwa. Mti uliopandwa na wakazi wenyewe mbele ya milango yao una walezi tangu siku ya kwanza.

Kuhusu bei, jibu ni kwamba gharama haikwepeki; huhamishwa tu. Isipolipwa na mjenzi kwa mita za ardhi, italipwa na mkazi kwa umeme wa feni, na jirani wa bondeni kwa maji yaingiayo chumbani mwake, na mtoto kwa kucheza barabarani kati ya magari.

Hitimisho

Tumeona kwamba mchoro wa mandhari ni kazi ya sanaa yenye fani na maudhui. Kwamba fani yake mara nyingi husahau wakati, jua na maji. Kwamba maudhui yake huhesabu magari na kuwasahau wafiwa. Na kwamba mapitio ya halmashauri, ambayo yangeweza kuuponya, huugeuza kuwa kapu la mabaki.

Walimu wa Kiswahili, Jiografia, Uraia na Sanaa wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi na wapime uwanja wa shule yao, wauchore kwa vipimo, waonyeshe kivuli cha saa tatu, cha saa sita na cha saa kumi. Wafuate maji ya mvua wakaone yanakoishia. Kisha wauhakiki mchoro wao kwa maswali machache: Nani yumo? Nani hayumo? Sherehe itafanyiwa wapi? Mti huu utakuwaje baada ya miaka kumi? Kipande hiki kikikatwa, ni jambo gani la maisha litakalokosa mahali? Wanafunzi hao ndio wataalamu, madiwani na wakazi wa kesho, na watakapokaa mezani penye mchoro watajua kwamba kalamu nyekundu ina kazi zaidi ya kuhesabu.

Samaki mkunje angali mbichi. Mchoro uliomo mezani bado ni samaki mbichi. Ukishamwagwa zege haukunjiki tena. Wakati wa kuudai ua ni pale ambapo bado ni mstari wa kalamu juu ya karatasi, na anayestahili kuudai kwanza ni yule atakayeketi humo siku ya msiba wake.